Panda ya Mwalimu, Panda ya Rajabu

Vijana, siku ile mliponialika kwenye bonanza lenu mkanikalisha kiti cha mbele, mmoja wenu mwenye kipenga shingoni alinijia kwa adabu. "Shikamoo mzee. Hivi timu ya chuo inafanya nini mpaka inatawala mashindano?" Nikaitikia marahaba, nikanywa funda la soda, nikamuuliza habari za baba yake. Mlidhani masikio yangu yamechoka. Masikio ni mazima kabisa. Jibu ndilo limenipiga chenga, na limenipiga chenga tangu nilipokuwa na nywele nyeusi.

Nilifundisha mpira wa kikapu katika chuo cha ualimu, upande wa Korogwe, tangu Ujamaa ungali mbichi. Jina la chuo naliacha, kwa sababu wengine waliokuwepo bado wako hai na kila mmoja ana habari yake ya kusimulia. Hii ni yangu. Mkiisoma mkachanganyikiwa, mjue tuko pamoja.

Tuanze na uwanja, maana uwanja ndio kesi yenyewe. Ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Tuliuponda, tukaumwagia maji, tukaushindilia kwa magogo mpaka ukawa mgumu kama sakafu, mpira ukidunda unasikika mpaka barabarani. Pete za magoli zilitokana na pipa lililokatwa na fundi wa kuchomelea katika shamba la mkonge la jirani. Nyavu tulisuka wenyewe kwa kamba za katani. Katani mpya haina huruma: mpira unaingia, unakaa humo humo, mchezo unasimama, na mtu anabebwa mabegani kwenda kuukong'ota kwa mpini wa jembe.

Mpira wenyewe ulikuwa umeshonwa na fundi viatu mara nyingi mno, upande mmoja ukawa mzito kuliko mwingine. Ukiudunda hapa unakwenda pale. Vijana wangu walipokwenda ugenini wakapewa mpira wa duara kweli, walishangaa jinsi ulivyo mtiifu. Basi hilo mlishike: mzoesheni mchezaji kwa kibaya, kizuri atakiona sherehe. Na mkienda mashindanoni, fikeni mapema mtembee peku kwenye uwanja wa wenyeji mjue wapi pana bonde. Msiwalishe vijana ugali wa kushiba asubuhi ya mechi. Uji unatosha, ugali ni wa jioni. Katika mashindano mnacheza leo na mnacheza tena kesho, kwa hiyo anayeshinda mara nyingi ni yule anayechelewa kuchoka. Hayo nayajua kwa hakika. Yanayofuata sina hakika nayo.

Mkuu wetu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kilimo. Siku hizo siasa ilikuwa kilimo, na chuo kisichojilisha kilionekana kinanyonya. Tulikuwa na shamba la mihogo, bustani ya mchicha, banda la kuku, hata nyuma ya vyoo palisimama migomba. Palibaki sehemu moja tambarare, karibu na bomba la maji, isiyo na kitu cha kuliwa. Katika kikao cha walimu Mkuu akaionyesha kwa kidole kupitia dirishani.

"Ndugu Mhina, pale panaweza kutoa magunia mangapi ya mahindi?"

"Mkuu, pale pana timu."

"Timu inaliwa?"

Walimu wenzangu wakacheka mpaka wakafuta macho. Mimi sikucheka, kwa sababu ule uwanja niliushindilia kwa mikono yangu. Baada ya mabishano tukafikia mapatano mbele ya wote: timu ikirudi na kombe la vyuo vya kanda, uwanja unabaki. Ikirudi mikono mitupu, masika yakikaribia tunaingia na majembe.

Sasa nije kwenye neno lililoleta haya yote. Aliyenitangulia katika kazi alikuwa mwalimu mgeni kutoka ng'ambo, aliyepiga kelele kwa lugha yake na vijana wakamwelewa kwa kutazama mikono. Alipoondoka, iliamuliwa michezo yote ifundishwe kwa Kiswahili. Nilifurahi kwa dhati. Nikaanza kutunga maneno ya kwetu. Kuzuia nikakuita "palilia". Kumbana mpinzani kwenye kona nikakuita "zizi". Na ule wakati tumeupata mpira na wote watano wanatakiwa kwenda mbele kwa pamoja kushambulia, nikauita "panda". Mimi ni mtu wa Mkumbara. Ukizaliwa Mkumbara, ukifungua mlango unaona mlima. Kupanda kwangu ni kwenda juu. Ya mbegu niliijua pia, nani hakuijua, lakini mtu akiwa uwanjani na mpira mkononi anawaza mbegu za nini?

Wachezaji wangu watano mtawashika upesi. Nahodha alikuwa Shemdoe wa Vugiri, mtoto wa milimani mwenye miguu ya mbuzi na mdomo usiopumzika. Rajabu alitoka Kang'ata, Handeni, mpana, mpole, mwana wa wakulima na mjukuu wa wakulima. Yohana alizaliwa kambi ya mkonge. Baba yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge akasahau njia ya kurudi. Alikuwa na mikono mirefu na maneno machache. Wa nne alitoka milimani na alimfuata Shemdoe kila alikokwenda. Wa tano alitoka Handeni na alimfuata Rajabu hata pale Rajabu alipokuwa hajaenda popote.

Kila Jumamosi tulicheza na vijana wa shamba la mkonge. Walitufunga. Walitufunga Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wakaanza kutupa machungwa ya kutupoza. Nilipopiga kelele "Panda!" Shemdoe na kivuli chake walichomoka, Rajabu na kivuli chake walibaki, na Yohana alikwenda kusimama pembeni kama mtu anayengoja basi. Nilidhani Rajabu ni mvivu. Nilimkimbiza kuzunguka uwanja kila jioni, na hakuwahi kulalamika, jambo lililozidi kunichanganya.

Tukaenda kwenye mashindano tukiwa tumekaa juu ya magunia ndani ya lori. Njiani Shemdoe aliimba. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni majembe yaliyoko stoo.

Mechi ya kwanza ilianza. Tukaupata mpira, nikaruka kwenye mstari: "Panda!" Mambo yakawa yale yale. Shemdoe mbele na mwenzake. Yohana pembeni, peke yake. Rajabu chini ya goli letu, amekita visigino ardhini. Nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka: "Rajabu, panda! Panda, nakwambia!" Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kujikita. Alipanua miguu, akainamisha kichwa, akawa kisiki.

Wapinzani wakaja. Mmoja akamgonga Rajabu, refa akapiga kipenga, kosa likawa la aliyegonga. Mwingine akatupa mpira golini ukakosa, ukamwangukia Rajabu mikononi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Rajabu akamtupia Yohana kule pembeni asikokuwa na mtu. Yohana akamrushia Shemdoe, ambaye tayari alikuwa chini ya goli lao akitabasamu. Kikapu. Ikawa hivyo mechi nzima. Tulishinda, na nilitoka pale nimekasirika, maana hapakuwa na kitu hata kimoja nilichofundisha.

Kocha wa upande wa pili alinishika mkono. "Mwalimu, mtindo huu mmeutoa wapi? Vijana wangu hawakujua wamkabe nani."

Nikamwambia ni mtindo wetu wa nyumbani. Ningesema nini? Tukashinda na ya pili vivyo hivyo, na watu wakaanza kunitazama kwa heshima nisiyoielewa. Hapo tukawa tumeingia fainali, dhidi ya wenyeji.

Alasiri ile vijana walikuwa wanafua fulana zao bombani, nami nimekaa kivulini nikikuna kichwa, nikasikia wanazozana.

"Wewe Mzigua wewe, utatukosesha kombe," Shemdoe alikuwa anasema. "Mwalimu anasema panda, wewe umeganda. Miguu yako imefungwa kamba?"

"Nimepanda," Rajabu akajibu, anakamua fulana yake taratibu.

"Umepanda wapi? Mimi ndiye ninayepanda, tena najua kazi yake. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."

"Apandacho mtu ndicho atakachovuna," Rajabu akasema. "Mwalimu kasema panda, nimejipanda. Wewe Msambaa umeona wapi hindi lililopandwa likakimbia?"

Nilisimama. Nikawaita, nikamuuliza Rajabu polepole, nikiogopa jibu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Mwalimu, umesema palilia. Tukapalilia. Umesema zizi, tukafunga zizi. Halafu panda peke yake ndiyo iwe ya mlimani? Kwetu kupanda ni kuhanda. Unaweka kitu chini, kinakaa."

Hoja yake haikuwa na tundu. Shemdoe aliyeshinda kila ubishi wa bwenini aliacha kufua, povu la sabuni likimtiririka mkononi. Nilijisikia mpumbavu, halafu nikacheka, halafu nikajisikia mpumbavu tena.

Mwalimu akishajua tatizo, hulitatua. Ndivyo tulivyofundishwa. Basi nikawaweka kitako nikaeleza: kuanzia kesho panda ni kwenda mbele, wote watano, hakuna wa kubaki. Wakaitikia. Rajabu aliitikia kwa mbali, kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha kutoka chini.

Fainali. "Panda!" Wote watano wakaenda mbele, mstari mzuri, wa kupigwa picha. Niliona fahari. Wenyeji wakaunyakua mpira, wakageuka, wakakuta goli letu halina hata paka. Wakafunga. Tukapanda tena kwa ustadi, wakafunga tena. Kufikia mapumziko tulikuwa tumeachwa nyuma kiasi cha kutia aibu, na mimi niliona mahindi yakichipua katikati ya uwanja wangu, naapa niliyaona.

Vijana wakakaa chini wakihema. Ni Rajabu aliyeuliza.

"Mwalimu, kipindi cha pili ni panda yako au panda yangu?"

Yangu ilikuwa sahihi na ilikuwa inatuua. Yake ilikuwa kosa na ilikuwa imetufikisha pale. Nikamtazama Shemdoe anisaidie, akatazama miguu yake. Nikasema kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha michezo: "Kila mtu apande alivyozaliwa."

Wakacheka, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. Wakarudi uwanjani. Rajabu akajikita chini ya goli letu, kivuli chake kando. Shemdoe akachomoka. Yohana akaenda pembeni kungoja basi lake. Wenyeji waliokuwa wameshatuelewa ghafla hawakutuelewa tena. Walimgonga Rajabu mpaka refa akachoka kupiga kipenga. Mara ya mwisho mpira ulipomtoka Rajabu kwenda kwa Yohana, nikafumba macho, nikasikia tu kelele za watu, na kwa jinsi Shemdoe alivyopiga mayowe kwa Kisambaa nikajua kombe ni letu.

Baadaye nilipata la kujifariji nalo, na nitawapa bure. Wakata mkonge walitufunga kwa sababu walituona kila Jumamosi, walishazoea vurugu zetu. Kwenye mashindano mgeni anakuona mara moja. Akianza kukuelewa, mechi imekwisha na anayefuata hakujui. Basi timu inayotawala mashindano ni ile yenye kitu chake, ambacho mpinzani hana muda wa kukizoea. Niliridhika na jibu hilo miaka mingi. Kisha siku moja, tayari nimestaafu, nikakutana na Yohana stendi ya Korogwe, naye mwalimu mkuu mwenye mvi. Nikamsifu kwa kusimama pembeni kule, nikamuuliza yeye alikuwa anapanda ipi, ya mlima au ya mbegu.

"Hata moja, mwalimu. Mimi nilidhani ni njia panda. Nikawa nakwenda pembeni ili njia ziwe mbili."

Basi lake likaja, akanipa mkono, akaenda. Kwa hiyo sijui. Labda timu inatawala kwa sababu ya panda tatu. Labda kwa sababu ya uji. Chagueni.

Ila kisa cha uwanja hakijaisha. Tulirudi na kombe, chuo kikatupokea kwa ngoma, na ukafanyika mkutano pale pale uwanjani. Alikuwepo mgeni rasmi kutoka wilayani, aliyevaa suti ya kola fupi na kalamu mfukoni. Mkuu akanikaribisha nieleze siri ya ushindi. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi maneno.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasema, "siri yetu ni neno moja tu. Panda."

Nilikuwa nimevuta pumzi nieleze kisa kizima, cha mlima na cha mbegu, watu wacheke. Sikupata nafasi. Mgeni rasmi alisimama akipiga makofi, umati ukasimama naye.

"Mmesikia, ndugu zangu," akasema. "Hata katika michezo, siri ni kupanda. Hawa ndio walimu tunaowataka. Na huyu ndugu hakusema kwa mdomo tu. Nimeambiwa kila jioni sauti yake inasikika mpaka barabarani, anahimiza panda, panda. Basi uwanja huu uliotuletea kombe uwe wa kwanza kupandwa msimu huu, uwe mfano kwa wilaya nzima."

Nilimtazama Mkuu, naye akanitazama. Alikuwa ameahidi mbele ya walimu, na naamini alitaka kutimiza. Alifungua mdomo. Makofi yakazidi, akaufunga, akaanza kupiga makofi na yeye. Shemdoe alinivuta shati kwa nyuma. "Mwalimu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "tumeshinda au tumeshindwa?" Niliumia, kwa kuwa lilikuwa swali zuri na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake.

Tukaingia na majembe. Udongo wa kichuguu ulioshindiliwa na timu hausikii jembe. Unalirudisha. Mikono ilitoka malengelenge, mipini ikavunjika, na mwisho tulitoboa mashimo kwa mitaimbo kama watu wanaosimika nguzo. Mkuu akasema, "Haya, pandeni." Wote watano wakainama kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakifanya kitu kimoja kwa neno lile, nikageuka nisionekane uso.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Mihogo ilistawi, migomba ya vyooni ilistawi. Mahindi ya uwanjani yalitoa kichwa, yakafika magotini, rangi ya njano, yakasimama hapo. Mabua yalipunga upepo chini ya pete mbili za pipa, na nyavu za katani zikawa nyumba za ndege. Vijana wakipita walipita upande wa pili wa jengo ili wasitazame.

Jioni moja nilimkuta Mkuu amesimama katikati ya lile shamba, mikono nyuma. Alikuwa ameinamia bua moja kana kwamba linakataa kumsalimia.

"Ndugu Mhina," akasema, "mbolea tumeweka. Maji yapo. Tumepanda. Mbona hayapandi?"

Nilifikiri kumweleza habari ya udongo. Badala yake ulimi ukaniponyoka.

"Mkuu, yamefundishwa na Rajabu. Yakiambiwa panda, hayaendi popote."

Alinikazia macho, nikajuta. Kisha nikamweleza yote, kisa nilichonyimwa nafasi ya kukieleza siku ya makofi: mlima, mbegu, fulana bombani, kisiki chini ya goli. Mkuu alianza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akashika nguzo ya goli asianguke, na alipomaliza alikuwa analengwa na machozi ambayo sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Aliinama, akang'oa bua lililokuwa chini kabisa ya pete. Akalitazama mizizi, akalitupa. Akang'oa la pili.

"Nenda kawaite vijana wako, waje na mpira," alisema. "Ila safari hii, Ndugu Mhina, nakuomba usiwaambie neno lolote."